Kisu cha kubebeshea mikorosho kimeungua kwenye grinda. Kitapona?

*Swali:* Fundi, shikamoo. Niko Mtwara mjini, nina karakana ndogo ya kuchomelea mageti na madirisha, na pembeni nina kitalu cha miche ya mikorosho. Marehemu mjomba wangu wa Newala aliniachia kisu chake cha kukunja cha kubebeshea, yaani cha kuunganishia miche. Bapa limenolewa upande mmoja tu, na kwenye shina lake pameandikwa Solingen. Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi alitaka kunifurahisha. Akakibana kwenye jiliwa, akakinoa kwa grinda ya mkono. Kikachomoka, kikatua kwenye sakafu ya saruji. Ncha imekatika kama milimita nne, makali upande wa mbele yamegeuka buluu na zambarau, bapa linacheza kushoto na kulia, na ubao mmoja wa mpini umepasuka. Kijana alikichovya kwenye maji mara kadhaa ili ugumu urudi. Kuna wanaoniambia nikipeleke kwa mhunzi akichome upya, na kuna wanaosema nitupe ninunue kingine. Kitapona?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Kwanza nashukuru hukutaja jeraha, maana kisu kinachochomoka kwenye grinda hakichagui pa kwenda. Na kisu chako kitapona. Kitakuwa kifupi na chembamba kidogo kuliko alivyokuacha nacho mjomba, lakini kitakata kikonyo, yaani kile kijiti kinachoungwa kwenye mche, kama kilivyokata mikononi mwake. Ninachokuomba ni kimoja: kuanzia leo kisiguswe na mashine yoyote, wala kisiingie motoni. Kilichokiumiza ni joto na mwendo. Dawa yake ni mkono, maji na subira.

Nianze na hilo la kukichovya kwenye maji, kwa sababu mafundi wengi wazuri wanaliamini na limeshaharibu visu vingi. Rangi uliyoiona juu ya makali ni ngozi nyembamba ya chuma kilichoungana na hewa kikiwa cha moto, nayo inakwenda kwa daraja. Chuma cha kisu kikifika nyuzijoto 220 hivi kinakuwa na rangi ya manjano hafifu kama majani makavu. Kwenye 260 kinakuwa kahawia, kwenye 280 zambarau, na kwenye 300 hivi ndipo buluu inapotokea. Kiwandani kisu kilitiwa ugumu, kisha kikapashwa tena moto wa wastani, kwa kawaida usiozidi sana nyuzijoto 200, ili kisiwe kigumu kama kioo kikavunjika. Ukikipandisha juu ya hapo ugumu unaanza kulegea. Palipofika buluu pamekuwa laini kuliko makali yanavyotakiwa kuwa, na patapinda na kuwa butu baada ya miche michache.

Maji hayarudishi kitu hapo. Ili maji au mafuta yatie ugumu, chuma lazima kwanza kiive mpaka chekundu, juu ya nyuzijoto 750, mahali ambapo sumaku inaacha kukishika. Kijana wako alichovya chuma cha nyuzijoto 300. Alichofanya ni kuzuia joto lisitembee kuelekea mgongoni, na hilo lilisaidia kidogo, lakini pale palipokwisha kulegea pamebaki vilevile. Kuifuta ile buluu kwa dawa ya kung'arishia hakusaidii pia. Rangi itaondoka, ulaini utabaki, na utakuwa umefuta alama pekee inayokuonyesha kidonda kinaishia wapi. Kwa hiyo usiifute bado.

Huenda kijana atakuambia hakuhisi joto. Anasema kweli. Diski ya kawaida ya grinda ya mkono ina upana wa milimita 115 na inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde, karibu kilomita 240 kwa saa. Kidole kipo mgongoni mwa kisu, ambako chuma ni kinene na bado kina ubaridi. Makali ni membamba kama karatasi, hayana mwili wa kulimeza joto lile. Yanaungua kwa kupepesa jicho, na mkono unapopata habari kazi imeshaharibika.

Sasa neno la kisu chenyewe. Solingen ni mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu na mikasi, na jina hilo linalindwa kwa sheria tangu 1938, hivyo kama alama ni ya kweli una chuma kizuri mkononi. Vingi vya zamani vilikuwa vya chuma kinachoshika kutu. Unaweza kujua bila maabara: mjomba alipokuwa akikata bibo kwa kisu hicho, je, bapa lilikuwa jeusi? Bibo lina ule ukakasi unaokausha ulimi. Ukakasi huo ukikutana na chuma cha namna hiyo, panatokea weusi wenye ubuluu kama wino. Ukiona madoa ya namna hiyo bapa zima, usiyachanganye na kuungua. Weusi wa bibo umekaa mabakamabaka, popote utomvu ulipogusa. Rangi ya moto imejipanga kwa mistari inayofuatana, buluu karibu na mkwaruzo wa diski, kisha zambarau, kahawia na manjano, ikielekea kwenye chuma safi. Weusi wa bibo uache, ni ngozi ya kisu na unasaidia kuzuia kutu.

Usiamini macho peke yake. Chukua tupa ndogo yenye meno mazuri, iguse taratibu kwenye makali karibu na mpini, mahali ambapo diski haikufika. Itateleza, au itauma kidogo sana kwa mlio mkali. Kisha iguse pale penye buluu. Ikiwa pameungua kweli, tupa itauma na kuacha unga wa chuma. Sogea milimita moja moja kutoka makali kuelekea mgongoni na usikilize. Pale tupa inapoanza kuteleza tena ndipo chuma kizima kinapoanzia. Weka mstari hapo kwa kalamu ya wino usiofutika. Huo mstari ndio makali yako mapya.

Kuhusu mhunzi. Nawaheshimu wahunzi, na jembe au panga lililoisha makali ningelipeleka kwao bila kusita. Lakini kisu cha kukunja ni kazi nyingine. Ili kichomwe upya lazima pini zing'olewe na bapa litoke nje ya mpini. Bapa jembamba hivyo likiiva hupinda au hupasuka kwenye maji, na likikaa motoni muda mrefu ngozi ya juu hupoteza kaboni, yaani kile hasa kinacholipa ugumu. Baada ya hapo bado lipashwe tena kwa joto la kipimo, saa nzima au mbili kwenye nyuzijoto 200 hivi, na moto wa makaa hauwezi kushika kipimo hicho kwa kukisia. Shina la bapa nalo limechongwa kukaa sawasawa na springi, likipinda nywele moja kisu hakifungi. Yote hayo kwa ajili ya kuokoa milimita mbili za chuma. Kama kingekuwa kimeungua mpaka mgongoni ningesema tujaribu, maana hakuna cha kupoteza. Chako hakijafika huko.

Anza kwa kukisafisha. Kisu cha kitalu na cha korosho hukusanya utomvu, na kama mjomba alipasulia korosho mbichi ndani mna yale mafuta ya ganda yanayounguza ngozi. Maji na sabuni haviyatoi. Kifungue, kiloweke shingo kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, kisha sugua ndani ya mpini kwa mswaki wa zamani na kijiti cha mwanzi. Vaa glavu. Ukimaliza funga makali yote kwa utepe wa karatasi wenye gundi wa wapaka rangi, tabaka tatu, usiyafungue mpaka utakapofika kwenye kunoa.

Bapa linalocheza ndilo la kwanza, kwa kuwa huwezi kunoa kitu kinachotikisika. Angalia shingo ya mpini. Kama pini inapita kwenye vipande vya chuma au shaba, kazi ni nyepesi. Ingiza kipande cha mfuko wa nailoni kati ya bapa na bamba la ndani, kila upande, ili ibaki nafasi. Laza kichwa cha pini juu ya fuawe au kipande kinene cha reli, kisha gonga kichwa cha juu kwa nyundo ndogo ya mviringo. Gonga kwa uzito wa nyundo yenyewe, mara tatu au nne, fungua na kufunga, sikiliza, geuza upande wa pili. Haraka ya hapa ina gharama: ukizidisha, bapa linakwama na kulilegeza ni kazi kubwa. Kama pini inapita kwenye ubao moja kwa moja, usigonge kabla hujatoa ule uliopasuka, utaupasua na mzima.

Wakati uko hapo, jaribu springi. Kisu kizima cha aina hii kikifunguliwa kinatoa mlio mkavu, *ta*, na kikifungwa kinavutwa chenyewe robo ya mwisho ya safari. Kama mlio upo, springi imepona. Kama bapa linaning'inia bila nguvu, tazama mgongo wa mpini kwa miwani ya kukuza utafute ufa. Springi yenye ufa haiungwi kwa kuchomelea, hata uwe bingwa wa kuchomelea namna gani. Joto litaifanya laini kama lilivyofanya makali. Hapo inatakiwa springi mpya, na hiyo ni kazi ya kubomoa kisu kizima.

Ncha. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nataka uielewe sababu yake kabla hujagusa msasa. Ukitazama kisu kilichovunjika ncha, mkono unataka kukwangua makali kuyapandisha kuelekea mgongoni mpaka yakutane na ncha mpya. Usifanye hivyo. Kisu kikifungwa makali yanaingia ndani ya mpini na mgongo unabaki nje. Ncha ukiipandisha mgongoni, kisu kikifungwa itachungulia nje ya mpini, nawe utakiweka mfukoni kikuchome paja. Fanya kinyume chake: ushushe mgongo uje kukutana na makali. Chora kwa kalamu mstari wa mviringo kutoka mgongoni, kama sentimita mbili nyuma ya mvunjiko, ukiteremka mpaka kwenye makali. Kisha sugua mgongo kwenye msasa namba 120 uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, ukilowesha maji kila mara. Milimita nne zitakuchukua saa moja au zaidi. Kila baada ya muda funga kisu utazame ncha imekaa ndani. Kwa kubebesha huhitaji ncha kama sindano, mviringo mdogo unatosha na unasalimisha vidole.

Jambo moja dogo la kuchunga: chini ya makali, karibu kabisa na shina, pana kinundu cha chuma kinachotua juu ya springi kisu kikifungwa. Usikipunguze hata kidogo. Ndicho kinachozuia makali yasigonge springi. Kikiisha, kila ukifunga kisu kitajipatia pengo jipya.

Sasa makali yenyewe. Nenda kwa wapaka rangi za magari ununue msasa wa maji namba 220, 400, 800, 1000 na, ukiupata, 1500. Tafuta kipande cha kioo kinene, kilaze juu ya kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze, loweka msasa na uulaze juu ya kioo. Maji yatauvuta ushike. Hiki ni kinoo kilichonyooka kuliko vinoo vingi vinavyouzwa, na gharama yake ni ndogo.

Kwanza simamisha makali wima juu ya namba 220, kama unayekata kioo, uyavute polepole kuelekea kwako mpaka chuma kilichoungua chote kiishe na ufike kwenye ule mstari wa kalamu. Ndiyo, unakifanya kisu kuwa butu kabisa. Moyo utauma, lakini hakuna njia ya mkato hapa. Ukinoa juu ya chuma laini utapata makali ya kunyolea asubuhi, na mchana utakuwa na kijiko.

Kisha ndipo unapojenga makali upya, na hapa kisu chako kinatofautiana na cha jikoni. Cha kubebeshea kimenolewa upande mmoja ili upande wa pili ubaki gorofa na mkato utoke umenyooka, ngozi ya kikonyo na ngozi ya shina zilale pamoja bila uwazi. Kwa hiyo tazama kwanza kama diski iligusa upande wa gorofa. Ikiwa iliugusa, ulaze upande huo wote juu ya msasa, bapa limelala kabisa, usugue namba 400 na kupanda mpaka mikwaruzo iishe. Baada ya hapo usiunyanyue tena hata unyuzi mmoja.

Upande wa mlalo, yaani ule unaonolewa, unoe kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Hakuna haja ya kipimo: kama bapa lako lina upana wa milimita 15, nyanyua mgongo milimita 5 juu ya kioo na uko hapo. Mimi hukata kabari ya mti yenye kimo hicho nikailaza kando, jicho likaizoea. Ili ujue kama unashika pembe, paka mlalo wote wino wa kalamu, vuta mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka karibu na mgongo tu, umelaza mno. Ukitoka kwenye ukingo tu, umenyanyua mno. Endelea na namba 220 mpaka upapase upande wa gorofa kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, na uhisi ukingo mdogo wa chuma uliojikunja, kama unywele. Lazima uuhisi urefu wote wa makali, kuanzia shina mpaka ncha. Palipokosekana, bado hapajafika, na kupanda namba hakutasaidia.

Ukishaupata panda namba 400, 800, 1000, kila mara ukipunguza uzito wa mkono. Mwishoni laza upande wa gorofa juu ya 1500 na uvute mara tatu tu, kuutoa ule unywele. Malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliopakwa dawa kidogo ya kung'arishia shaba, ukivuta kinyumenyume, mgongo ukitangulia. Ukivuta makali mbele utaukata mkanda.

Kazi hii ya msasa ningempa kijana aliyekiharibu, nawe ukiwa pembeni. Alikuwa na nia njema na hakufundishwa. Mikono yake ikipita kwenye saa tatu za kurudisha kile alichokiondoa kwa dakika moja ataielewa pembe, ataielewa rangi ya moto, na hutahitaji kumweleza mara ya pili.

Mpini ndio sehemu ninayoipenda. Umepasuka ubao mmoja, badilisha yote miwili ili ilingane, na uko mahali bora kuliko wengi, maana mpingo unao karibu. Nenda kwa wachonga vinyago uombe mabaki, usikatishe mti kwa ajili ya vipande viwili vya sentimita kumi. Chagua kipande kilichokauka vizuri, cheusi kisichokuwa na weupe wa nje. Kitambulishe kwa kukitia kwenye ndoo: mpingo unazama. Kichonge kiwe na unene wa milimita 4. Vaa barakoa unaposugua msasa, kwa sababu vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Mpingo una mafuta ya asili, hivyo gundi haiushiki ukiibandika tu. Kwaruza upande wa ndani kwa msasa namba 80, ufute kwa spiriti mara mbili, uache ukauke, kisha ndipo upake ile gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Toboa matundu ukiwa umeweka egemeo, yaani ubao mwingine uukandamize chini yake, la sivyo keekee ikitokea upande wa pili itang'oa kibanzi. Na kwenye kugonga pini mpya ya shaba, panua mdomo wa tundu kidogo kwanza, kwa kuwa mpingo ni mgumu lakini ukisukumwa kutoka ndani unapasuka.

Hewa ya Mtwara ina chumvi na chuma chako hakina kinga. Kila jioni futa bapa kwa kitambaa kikavu na upake tone moja la mafuta ya cherehani, na tone jingine kwenye pini. Mafuta ya kula yasitumike, yanaganda na kunata. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, inashika unyevu. Kitambaa kikavu ndani ya kopo kinatosha.

Siku ya kukijaribu usikate karatasi. Kata kikonyo laini cha mkorosho, unene wa penseli, kwa mvuto mmoja mrefu, ukichonga kabari kama unayotaka kuiingiza kwenye mche. Uinue uso wa mkato kwenye mwanga. Unatakiwa kung'aa wote, umelowa sawasawa, ngozi ya pembeni haijachanika wala kuinuka. Kisha chonga vikonyo ishirini mfululizo na utazame cha ishirini. Kikiwa kama cha kwanza, chuma kilichoungua umekimaliza. Kikianza kuchanika kwenye cha saba au cha nane, chukua tupa urudi kwenye ukingo uusikilize tena. Pengine kuna nusu milimita ya buluu iliyobaki chini ya mstari wako.